Nilipomwonyesha Faraja Jinsi ya Kufungua Mdomo

Leo nimeaibika, tena nikiwa nimevaa kitenge kipya. (Nimekishona mwenyewe, kimenikaa vizuri, na hakuna hata mtu mmoja aliyekitazama. Mtaelewa kwa nini.)

Nasimulia mwenyewe kwa sababu Njombe na Makambako ni kama chumba na sebule. Jambo likitokea kule asubuhi, jioni liko huku limeshaongezwa chumvi. Bora mlipate kwangu.

Wengi mnanijua. Mama Faraja, fundi cherehani wa sare za shule hapa Makambako, na kanisani naimba sauti ya pili. Wengine mnanijua kwa ushauri. Mtu akiumwa mgongo, mimi naujua mgongo. Mtu akigombana na mawifi, mimi najua mawifi. Huwa siombwi, natoa tu. Ni kipaji.

Sasa, Faraja wangu ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Meno yake ya mbele ya ukubwani yameshaota. Juu ana mwanya mzuri ambao bibi zake wanaugombania, kila mmoja anasema umetoka upande wake. Tatizo liko kwenye jino moja tu, la juu mbele upande wa kushoto. Akifunga mdomo, mwenzake anakaa mbele ya meno ya chini kama inavyotakiwa, lakini hilo linaingia nyuma ya hayo ya chini na kujificha.

Aliyeligundua ni baba yake. Baba Faraja ni dereva wa lori la mbao, mtu wa maneno machache. Jioni moja alimtazama mtoto akila hindi la kuchoma, akamtazama mpaka hindi likaisha, kisha akaniambia huyu mtoto anang'ata kwa upande, kila akifunga mdomo taya linakimbilia kushoto. Akaongeza kwamba siku hizi akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Akasema tumpeleke kwa daktari wa meno.

Nikamwambia hajui anachosema. Waya za meno ni za watoto wa sekondari. Meno ya utoto lazima yaishe yote, ya ukubwani yajae, ndipo daktari apate kitu cha kunyoosha. Nikampa na mfano wa kazini kwangu: huwezi kumpima nguo mtu ambaye bado anarefuka.

Akafikiri, akasema, "Mbona wa darasa la kwanza unawashonea?"

Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Lakini neno lile lilinikera wiki nzima. Mwisho nikaamua kwenda Njombe na mtoto. Msinielewe vibaya, sikwenda kutibiwa. Nilikwenda kumchukua daktari awe shahidi wangu. Nilitaka aseme kwa kinywa chake kwamba mtoto asubiri, mimi nirudi nyumbani na jibu, na amani itawale.

Basi leo asubuhi tukapanda Coaster, tukafika Njombe ukungu haujaondoka. Baridi ilikuwa ile ya kukufanya ukumbuke dhambi. Faraja alivaa masweta mawili. Mimi nilivaa kitenge bila koti ili kionekane. (Kumbukeni: hakikuonekana.)

Kliniki ina korido ndefu yenye benchi, na watu walikuwa wameshajaa. Nikakaa karibu na bibi mmoja aliyetoka Kifanya na mjukuu wake, kijana wa miaka kama tisa, anaitwa Ezekia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanikaribisha kwa salamu ya Kibena, kamwene, nami nikaitika. Tukawa ndugu palepale.

Nikauliza wameletwa na nini. Bibi akamwambia Ezekia atabasamu. Nikaona meno ya mbele ya juu yametokeza nje kiasi kwamba midomo haikutani vizuri. Bibi akasema mpaka leo kijana akilala ananyonya kidole gumba. Mwalimu wake ndiye aliyewashauri waje.

Hapo ndipo nilipoanza. Nikamwambia bibi asijitese. Nikamweleza habari za waya, za sekondari, za kusubiri, na mfano wa nguo nikauweka. Nikasema meno ya mjukuu yatarudi ndani yenyewe akikua, maana uso ukipanuka meno yanapata nafasi. (Hilo la uso kupanuka nililitunga pale pale, lakini lilitoka kwa sauti ya kitaalamu sana.) Watu wa benchi zima wakawa wananisikiliza. Baba mmoja aliyetoka Ludewa akatikisa kichwa kukubali. Nilijisikia vizuri, siwafichi.

Bibi akashukuru. Akasema ameacha viazi shambani havijapaliliwa, na kama ni kusubiri, atasubiria kwake. Akaanza kufunga vizuri mtandio wake. Mimi nikaitwa ndani.

Daktari alikuwa binti mdogo. Nilipomtazama, nikasema moyoni huyu nilimshonea sare juzi tu. Ana sauti ya taratibu, na kila akiongea anamtazama mtoto kwanza kabla ya mzazi. Akaniuliza shida ni nini. Nikamwambia hakuna shida, ila kuna baba mmoja anahitaji kuelimishwa. Nikamweleza msimamo wangu wote, mwanzo hadi mwisho, nikamalizia kwa kumwomba anithibitishie.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza, na kwa hilo namsifu. Kisha akasema kwa sehemu niko sahihi.

Nikamgeukia Faraja kumwonyesha mama yake alivyo. Daktari akaendelea. Akasema mwanya, kwa mfano, kwa umri huu wala hautibiwi, mara nyingi unapungua wenyewe meno ya chonge yakishuka, na usipopungua ni pambo. Meno yaliyobanana kidogo pia mara nyingi yanasubiri. Waya zenyewe kweli wengi huwekewa wakiwa wakubwa. Lakini, akasema, kutazamwa si kutibiwa, na mtoto anafaa kutazamwa mapema, akiwa na miaka kama saba hivi, kwa sababu yapo mambo ambayo yakisubiri yanaharibika. Mtoto ambaye jino la utoto limeng'olewa kabla ya wakati, majirani zake wanaweza kusogea na kuziba nafasi ya linalokuja. Mtoto ambaye jino la juu limenaswa nyuma ya la chini, jino linasagika, ufizi wa chini unasukumwa, na taya linazoea kukimbilia upande hadi likue hivyohivyo.

"Na meno ya mbele yaliyotokeza sana," akasema, "hayo mtoto akianguka ndiyo yanayotangulia chini. Yanavunjika. Jino la ukubwani likivunjika halioti lingine."

Nikamkumbuka bibi wa Kifanya kule nje, akifunga mtandio. Nilijua inanipasa ninyanyuke, nitoke, nimwambie bibi akae. Lakini wapendwa, kiburi nacho kina uzito, na mtu hanyanyuki nacho upesi. Nikajisemea, kwanza tumalize la Faraja, pengine la kwetu ni dogo, nitatoka nikiwa na la kujitetea.

Daktari akamwomba Faraja afungue mdomo. Faraja akabana midomo. Akambembeleza, akamwonyesha kioo kidogo, akamwambia hakuna sindano leo. Midomo ikabanwa zaidi. Mtoto akaweka na kiganja juu yake.

Mimi ni mama yake, nikaona huyu daktari anacheza. Nikamwambia aniachie. Nikasimama mbele ya kiti, nikainama kidogo, nikasema, "Faraja, mwanangu, tazama. Mdomo unafunguliwa hivi."

Nikafungua.

Nilifungua kama siku ya sikukuu kanisani, tulipoimba mbele ya wageni. Nilifungua mpaka masikio yakasogea. Kikasikika kitu kama mtu amevunja kijiti kikavu. Nikataka kufunga.

Mdomo haukufunga.

Nikajaribu tena. Hakuna. Nikakisukuma kidevu kwa mkono, kikagoma, na maumivu yakapanda hadi kichwani. Nikataka kusema "daktari," ikatoka "a-a-i." Mate yakaanza kunitoka na sina namna ya kuyazuia. Baridi ya Njombe ikaingia yote, ikafika kooni bila kupiga hodi.

Faraja akanitazama. Mwanzo aliogopa, niliona macho yamemtoka. Daktari akamwambia mama hajafa, taya limetoka mahali pake kwa sababu limefunguliwa kupita kiasi, na litarudishwa sasa hivi. Mtoto akanitazama tena. Nami nikataka kumpa uso wa mama mwenye mamlaka, nikainua nyusi. Kumbe nyusi zikiinuliwa na mdomo uko wazi vile, unakuwa kama chura aliyeulizwa swali.

Faraja akacheka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akacheka bila kiganja, kichwa nyuma, mdomo wote wazi.

Na daktari, naapa, akachukua kile kioo kidogo, akaniambia, "Samahani mama, dakika moja, nitazame hapa kabla hajafunga."

Nikasubiri. Mtaalamu mzima nimesimama kwenye chumba cha meno, mdomo wazi, natiririka mate kwenye kitenge kipya, nasubiri mtoto wangu atazamwe.

Alipomaliza akaniambia twende chumba cha pili, kuna kiti kifupi cha kuegemea ukutani na muuguzi wa kunishika kichwa. Chumba cha pili kiko ng'ambo ya pili ya korido. Korido yenye benchi. Benchi lenye wanafunzi wangu.

Mlango ukafunguliwa nikatoka. Yule baba wa Ludewa aliyekuwa akinikubalia kila neno alinitazama, akaondoa kofia. Sijui alidhani nini. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Wengine wakainamisha vichwa kama watu wanaopitiwa na jeneza.

Nami ndipo nikamwona bibi wa Kifanya. Yuko mwisho wa korido, kikapu kiko mkononi, Ezekia yuko mbele yake, mguu mmoja umeshavuka kizingiti. Anaondoka kwa ushauri wangu.

Nikasahau aibu, nikamkimbilia. Nilitaka kusema, bibi, usiondoke. Mtu akiwa hana midomo ya kukutanisha, anabaki na irabu tu. Nikapaza sauti, na sauti ninayo: "I-i! U-i-o-o-e!"

Bibi akageuka. Akaniona nakuja, mikono mbele, mdomo wazi kama lango la zizi. Nikamwelekezea Ezekia kidole kwenye meno, kisha nikajielekezea mdomo wangu, kisha nikaelekeza chumba cha daktari. Kwangu mimi maana ilikuwa wazi kabisa: meno ya mtoto huyu, yatazamwe, mle ndani.

Kwa bibi maana ilikuwa nyingine. Akamshika Ezekia bega, akamwambia, "Umeona walivyomfanya mwenzio? Ameingia akiongea vizuri tu."

Wakatoka, tena kwa mwendo wa haraka. Watu wawili wa kwenye benchi nao wakanyanyuka.

Daktari akanishika mkono kunirudisha. Hapo nilikuwa nalia, na si kwa maumivu ya taya. Nilikuwa nimemdanganya bibi wa watu kwa mdomo uliokuwa mzima, na sasa ninao ukweli, mdomo haufanyi kazi. Nikawaza kijana anakimbia kushuka kilima kule Kifanya, anajikwaa, na meno yanatangulia.

Nikamtazama Faraja, aliyekuwa ametufuata koridoni. Nikamtazama tu, nikatazama mlango.

Mtoto akaelewa. Alikimbia na masweta yake mawili mpaka getini. Sikuona kilichotokea, ila dirisha la chumba cha pili linatazama getini, na nilimsikia. Faraja huyu ambaye nyumbani ukimuuliza kitu anajibu kwa mabega.

"Bibi, daktari hajamuumiza mama. Mama amejiumiza mwenyewe akinifundisha."

Bibi akamjibu kitu sikukisikia. Faraja akaendelea, kwa utulivu, akamweleza kwamba mama alikuwa anawaita warudi, kwamba daktari amesema meno yaliyotokeza yanavunjika mtu akianguka, na jino la ukubwani halioti tena. Akasema daktari hana sindano leo, ana kioo tu, na kioo hakiumi. Alisema bila kuziba mdomo. Najua kwa sababu maneno yalitoka safi.

Wakati huo mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti kifupi, kichwa kimeshikiliwa ukutani na muuguzi mwenye mikono ya kukamua ng'ombe. Daktari akafunga vidole gumba vyake kwa kitambaa cha bendeji. Nikashangaa kwa nini, akasema taya likirudi huwa linafunga kwa nguvu na yeye vidole anavihitaji. Akaviweka juu ya magego yangu ya chini, akaniambia nilegee. Huyu binti hanijui. Mimi sijawahi kulegea tangu nizaliwe. Akasubiri. Akaniambia nifikirie kitu kizuri, nikafikiria Baba Faraja yuko barabarani hajui lolote, nikalegea. Akasukuma chini, kisha nyuma. Niliona nyota za mchana. Ikalia *tok*.

Mdomo ukafunga. Jamani, kufunga mdomo ni neema. Watu wengi wameniambia hivyo kwa miaka mingi, lakini walimaanisha kitu kingine.

Kabla sijashukuru, daktari akanyanyua kidole. Akasema nisiongee kwa leo, na kwa wiki kadhaa nisifungue mdomo sana. Nisipige miayo mipana, nile vitu laini, na kuimba nisubiri aniruhusu. Akanizungushia bendeji kutoka utosini hadi kidevuni. Nikajiona kwenye kile kioo kidogo. Nilikuwa kama furushi la mtu anayehama.

Nilipotoka, bibi wa Kifanya alikuwa amerudi kwenye benchi, Ezekia pembeni yake. Nikapiga goti kidogo kumwomba radhi kwa ishara. Akanitazama bendeji, akanitazama macho, akasogea ili nikae.

"Mwanangu," akasema, "kwa maneno ulinifukuza. Bila maneno umenirudisha."

Benchi zima likacheka. Nami nikataka kucheka, taya likanikumbusha.

Ezekia ameingia, ametazamwa. Daktari amewaambia kwanza kile kidole kiachwe, kwa upole na si kwa pilipili, kwa sababu ndicho kinachosukuma meno, kisha warudi waone yamebaki kiasi gani ya kutibu. Bibi alitoka ameridhika. Viazi vitapaliliwa kesho.

Na Faraja wangu ni wa kutibiwa sasa, si akifika sekondari. Daktari amemchukua kipimo cha meno kwa udongo fulani wa rangi ya waridi ambao mtoto ameusifia ladha, na atatengenezewa kifaa kidogo cha kuvaa mdomoni na kuvua wakati wa kula, chenye kiwaya cha kulisukuma lile jino mbele taratibu. Ni kazi ya miezi, akasema, na kwa umri wake ni rahisi kuliko kama tungesubiri. Baadaye akiwa mkubwa atatazamwa tena, huenda akahitaji waya, huenda asihitaji. Kuhusu mwanya, hautibiwi. (Hapo nilikuwa sahihi. Naomba iandikwe mahali.)

Tukiwa stendi Baba Faraja akapiga simu kuuliza daktari amesemaje. Nikampa mtoto simu. Faraja akamsimulia yote, hakuacha hata lile la chura. Kisha nikamsikia baba yake akimwomba arudie pale mama alipofungua mdomo, eti mtandao ulikuwa mbaya. Mtoto akarudia. Akaomba mara ya tatu. Mtandao wa Njombe leo ulikuwa mzuri sana, nilikuwa na alama zote.

Mtoto alipomaliza kurudia, baba yake akamwambia, mwambie mama pole, na mwambie jioni hii mimi ndiye nitakayepika uji.

Basi niko nyumbani. Nimekaa, bendeji kichwani, naandika kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki. Faraja yuko sebuleni anawaonyesha watoto wa jirani jino lake na kuwaeleza litakavyosogezwa, na anacheka, na mikono yote miwili iko magotini.

Wenye watoto wa miaka saba na kuendelea, wapelekeni wakatazamwe. Ushauri huu nautoa bure kama kawaida yangu, ila safari hii nimeulipia.

Na mnaopanga kuja kunipa pole, karibuni. Kucheka sikatazi, chekeni mtakavyo. Ombi langu ni moja: mtu yeyote asinichekeshe mimi.